Upepo wa Mgongoni: Kutoka Finse hadi Krækkja kwa Skii

Njia ya skii kutoka Finse hadi Krækkja, kwenye ukingo wa kaskazini wa nyanda za juu za Hardangervidda nchini Norwe, ina urefu wa kilomita zipatazo 23. Haina miteremko ya kutisha wala majabali ya kuparamia, na Wanorwe wanapoizungumzia huihesabu kuwa safari ya wastani, inayomfaa mtu mwenye afya njema aliyekwisha kuzoea skii kidogo. Mimi niliianza nikarudi njiani, kisha nikaivuka majira mengine ya baridi, na ninayaandika haya kwa ajili ya ndugu na dada wanaoishi Ulaya ya kaskazini ambao wenzao wa kazini huwaalika kwenda mlimani wakati wa Pasaka, nao wakakubali bila kujua wanachokikubali. Kipimo hicho cha wastani huzingatia urefu wa njia pamoja na kiasi cha kupanda na kushuka. Upepo haumo ndani yake, na mahali pasipo na mti hata mmoja upepo ndio unaoamua kama siku itakuwa ya matembezi au ya mashaka.

Nilizaliwa Tanga na kuhamia Bergen nikiwa mtu mzima, kwa kazi ya uuguzi katika nyumba ya wazee. Kuteleza kwa skii nilijifunzia Kvamskogen, nje ya mji, kwa kuwa Bergen yenyewe hupata mvua nyingi kuliko theluji. Kule kuna njia zinazotengenezwa kwa mashine, zenye mifereji miwili inayoishika skii na kuielekeza, na ndani ya mifereji hiyo mtu mzima anaweza kujifunza bila kuvunja kiungo. Yako mambo matatu ya kuyamudu kabla ya kuufikiria mlima: kujisukuma kwa mguu mmoja huku ukiteleza kwa mwingine, kupanda kilima ncha za mbele zikiwa zimetanuliwa, na kupunguza mwendo wakati wa kushuka kwa kukutanisha ncha za mbele na kutanua visigino. Hilo la tatu ndilo watu wengi hulipuuza, kwa sababu kwenye njia iliyotengenezwa mteremko huwa mfupi na chini kuna tambarare ya kukusimamisha. Mlimani hakuna mifereji, theluji hubadilika kila baada ya mita mia, na begi la kilo kumi na kitu mgongoni huhamisha uzito wa mwili mahali usipopazoea. Kuanguka huko hakuumizi sana. Kazi ni kuinuka, na njia rahisi ni kuvua begi kwanza, kuzilaza skii zikatishe mteremko badala ya kuufuata, ndipo unyanyuke.

Vifaa navyo si vile vile vya bondeni. Skii za mlimani ni pana zaidi na zina kingo za chuma zinazouma barafu, na viatu vyake ni vigumu, vinavyofika juu ya kifundo cha mguu. Ukinunua vyote vipya, yaani skii, vifungio, viatu na fimbo, utapita krone 10,000 bila shida, na hapo hujagusa nguo. Mimi nilinunua vilivyotumika kwa chini ya nusu ya fedha hizo. Katika manispaa nyingi za Norwe kuna vituo vya BUA vinavyoazima vifaa vya michezo bila malipo, ingawa si kila kituo kina skii zenye kingo za chuma, hivyo ni vyema kuuliza mapema. Kitu ambacho singeazima ni viatu. Vinapaswa kuwa vyako, na viwe vimekwisha kuzoea mguu wako kwa safari fupi kadhaa, kwa maana lengelenge lililoanza kilomita ya tano litakusindikiza hadi ya ishirini na tatu.

Kuhusu malazi, vibanda vya Finse na Krækkja, ambavyo kwa ukubwa ni nyumba kamili za wageni, vina wahudumu na vinaendeshwa na Shirika la Utalii la Norwe, DNT, lililoanzishwa mwaka 1868. Usiku mmoja pamoja na chakula cha jioni na kifungua kinywa hupita krone 1,000 hata kwa mwanachama, na asiye mwanachama hulipa zaidi, kwa hiyo ada ya uanachama hurudi haraka. Tiketi ya treni hushuka bei ukiinunua wiki kadhaa kabla. Ninazitaja gharama hizi waziwazi kwa sababu zina uzito wa namna yake mlimani: mtu aliyekwisha kulipa huona vigumu kugeuka, na hilo nitalieleza baadaye.

Nguo za ndani ziwe za sufu. Pamba hunywa jasho na kulishikilia, na ukisimama dakika tano upepo huligeuza jasho hilo kuwa baridi inayoganda mwilini. Wenyeji wengi huvaa fulana ya sufu iliyofumwa kwa matundu makubwa, ambayo nilipoiona mara ya kwanza nilidhani ni ya mvuvi, lakini hewa inayobaki katika matundu yale hukausha ngozi kuliko kitambaa kizito. Juu yake huja sufu nyingine nyepesi, kisha koti lisilopitisha upepo. Koti nene la manyoya ya bata hukaa kwenye begi kwa ajili ya mapumziko tu. Ukitoka mlangoni ukiwa na joto la kupendeza, umevaa kupita kiasi; inafaa uanze ukiwa na ubaridi kidogo, na kabla ya mlima wa kwanza usimame kupunguza nguo bila kungoja jasho likuambie.

Kuna mambo ambayo hakuna Mnorwe aliyenieleza, kwa kuwa hayamhusu. Kofia za huku hazikushonwa kwa ajili ya mtu mwenye rasta. Ilinibidi nitafute kofia ya sufu yenye kina kirefu, na chini yake nivae kitambaa cha mviringo kinachovutwa kutoka shingoni hadi puani, la sivyo masikio yalibaki nje. Jambo zito zaidi ni ngozi. Mafunzo yote ya jeraha la baridi husema uangalie doa jeupe kwenye shavu au pua ya mwenzako, na kwenye ngozi nyeusi doa hilo haliwi jeupe hivyo: huwa la kijivujivu, lililopauka, na ukiligusa ni gumu na halina hisia. Tafiti zilizofanywa kwa askari wa Marekani na wa Uingereza zimeonyesha kwamba wenye asili ya Afrika hupata majeraha ya baridi kwa kiwango kikubwa kuliko wenzao weupe katika mazingira yale yale. Hiyo si sababu ya kubaki nyumbani. Ni sababu ya kuwaambia wenzako kabla ya safari wakuangalie wapi na watafute rangi gani, na ya kuvaa kinga za vidole viwili, zile zinazoviweka vidole vinne pamoja, badala ya kinga za kila kidole peke yake.

Finse iko mita 1,222 juu ya usawa wa bahari na ndicho kituo cha juu kabisa katika reli ya Bergen, iliyofunguliwa mwaka 1909. Hakuna barabara ya gari inayofika huko. Unashuka kwenye treni, mlango unafungwa nyuma yako, na mbele kuna hoteli, kibanda cha DNT, nyumba chache na ziwa lililoganda, na ng'ambo ya ziwa inainuka barafu ya kudumu ya Hardangerjøkulen. Karibu na hapo kuna mnara wa kumbukumbu ya Scott, mvumbuzi Mwingereza, na wenzake waliokufa njiani wakirudi kutoka Ncha ya Kusini, na Shackleton, mvumbuzi mwingine wa nchi za barafu, naye alikuja Finse kujaribu vifaa vyake mwaka 1914. Nilipousoma mnara huo jioni ile ya kwanza sikujua kama ulikuwa wa kunitia moyo au wa kunionya.

Tulikuwa watatu. Kulikuwa na rafiki yangu mmoja muuguzi kutoka Nakuru, na mstaafu mmoja wa Bergen ambaye mke wake tuliwahi kumhudumia. Wanorwe huitana kwa jina tupu bila kujali umri, lakini sisi wawili tulishindwa na tukawa tunamwita Mzee, neno ambalo alilipenda. Kabla ya kulala alitukalisha mbele ya utabiri wa Yr, unaotolewa na taasisi ya hali ya hewa ya Norwe pamoja na shirika la utangazaji la taifa, na akatufundisha kuusoma kwa mpangilio wake. Mtu wa pwani hutazama joto kwanza. Yeye alitazama kasi ya upepo, kisha kasi ya dhoruba za ghafla zinazoandikwa pembeni, kisha mwelekeo, na joto likawa la mwisho. Hesabu yenyewe ni rahisi: katika nyuzi 10 chini ya sifuri, upepo wa mita 10 kwa sekunde huifanya ngozi ihisi nyuzi 20 chini ya sifuri. Baada ya hapo alifungua Varsom, ambako serikali hutoa tahadhari za maporomoko ya theluji kwa ngazi za 1 hadi 5, akatuonyesha kwenye ramani kwamba njia yetu ilikwepa miteremko inayozidi nyuzi 30, ambayo ndiyo hujenga maporomoko, na pia sehemu za chini yake ambako theluji iliyoporomoka hukimbilia. Utabiri wa siku iliyofuata ulisema upepo wa magharibi, wa kadiri, ukiongezeka mchana.

Tuliondoka asubuhi, tukavuka ziwa, tukaanza kupanda taratibu upande wa mashariki wa barafu ile. Njia za majira ya baridi huwekewa vijiti, matawi membamba yaliyosimikwa katika theluji kwa umbali mfupi mfupi, na kazi ya kuvisimika hufanywa kwa kiasi kikubwa na watu wa kujitolea. Asubuhi ile tuliviona vijiti vikienda mbele hadi upeo wa macho. Safari ilikuwa tamu mno. Tulikuwa tukipanda, na bado skii zilienda zenyewe. Nilijiona nimekuwa hodari ghafla, na nilimwambia rafiki yangu kwamba watu wa Kvamskogen walikuwa wametutisha bure. Kile nilichokiita uhodari kilikuwa upepo. Krækkja iko kusini-mashariki ya Finse, upepo ulitoka magharibi, na begi zetu zilikuwa tanga. Mtu anayesukumwa hausikii upepo, kwa kuwa anakwenda nao. Masikio yametulia, uso una joto, theluji inayopeperuka inapita miguuni kwa uzuri hata unatamani kuipiga picha.

Tulipofika juu, kwenye uwanda, Mzee alisimama akasema tugeuke. Nilidhani anataka tuitazame Finse. Nilipogeuka, chembe za theluji zilinipiga machoni kwa nguvu hata nikainamisha kichwa, na pumzi ikanikwama. Tulipokuwa tumetoka hapakuonekana. Nyayo za skii zetu, za dakika chache tu zilizopita, zilikuwa zimekwisha kufutika. Mzee alituacha tusimame hivyo kwa muda, nyuso zetu zikielekea upepo, kisha akauliza swali moja: kama mmoja wetu akivunja kifungio cha skii kilomita tano mbele, mtaweza kurudi kwa njia hii? Alikuwa akihesabu vijiti alivyoviona. Kwanza vilikuwa vinne mbele yetu, kisha viwili. Alisema tutarudi sasa, tukiwa bado tunakiona kimoja.

Nilikasirika, na sioni faida ya kulificha hilo. Tulikuwa tumelipia Krækkja, nilikuwa nimebadilishana zamu na watu wawili ili niipate wikendi ile, na ndugu zangu Tanga walikuwa wakisubiri picha. Zaidi ya yote, sisi tumelelewa na methali ya mvumilivu hula mbivu, na ndani yangu nilimwona Mzee kuwa mtu aliyekata tamaa mapema. Uvumilivu una mahali pake, lakini juu ya uwanda ule hauna kitu cha kula. Upepo hauchoki ili wewe ushinde kwa kungoja. Wanorwe wana kanuni tisa za mlimani ambazo watoto huzisoma hata ndani ya karatasi ya chokoleti ya Kvikk Lunsj, na ya nane inasema kugeuka si aibu. Kanuni hizo zilisambazwa kwa nguvu mpya baada ya Pasaka ya mwaka 1967, ambapo watu 18 walikufa katika milima ya nchi hii, na hao hawakuwa wageni wa theluji kama mimi.

Kurudi kulichukua zaidi ya mara mbili ya muda wa kwenda, ingawa sasa tulikuwa tukishuka. Mteremko ambao ungenitisha asubuhi haukunitelezesha kabisa, kwa kuwa upepo ulinisukuma nyuma, na ilinibidi nitumie fimbo ili nishuke. Palipokuwa hapaonekani kijiti cha pili, tulifanya hivi: mmoja alibaki kwenye kijiti tulichokipata, wa pili alienda mbele kadiri aonekane, wa tatu akaenda mbele yake hadi akipate kinachofuata, kisha akainua fimbo na sisi tukamfuata. Ni mwendo wa polepole unaochosha akili kuliko miguu, na hauwezekani kwa mtu aliye peke yake. Katikati ya njia Mzee alitoa mfuko wa upepo, gunia kubwa la nailoni jepesi ambalo watu watatu huingia na kukaa ndani yake wakiupa upepo mgongo. Sikuwa nimeufahamu umuhimu wake aliponionyesha ukiwa umekunjwa mezani. Ndani yake ukelele ulikatika, tukanywa chai, tukala, na hapo ndipo nilipoliona shavu la rafiki yangu: doa la kijivu, kubwa kuliko sarafu, naye hakuwa na habari. Niliweka kiganja changu kitupu juu yake hadi hisia zilipomrudia kwa maumivu. Hiyo ndiyo tiba ya hatua ya mwanzo. Kusugua, na hasa kusugua kwa theluji, huharibu ngozi. Bila kituo kile ndani ya mfuko nisingeuona uso wake hata kidogo, kwa sababu nje kila mmoja wetu alikuwa amejifunika na kuinama.

Jioni tukiwa tumekaa na mchuzi wa moto, wahudumu wa Finse hawakuonyesha mshangao wowote kutuona tumerudi, na hapo hasira yangu iliisha. Kundi jingine lilikuwa limerudi kabla yetu.

Majira yaliyofuata tulikwenda tena watatu wale wale, na safari hii nilijua cha kuuliza. Tulikodi usiku wa ziada Finse ili tuwe na siku ya kungojea, na naona fedha hizo ndizo zilizotumika vizuri kuliko zote, kwa sababu mtu mwenye siku ya akiba hana haja ya kubishana na utabiri. Siku ya kwanza tuliitumia kwenda mwendo mfupi kuelekea ulikotoka upepo na kurudi tukiwa tunasukumwa. Kila mgeni wa mlimani ningemshauri aanze na mazoezi ya namna hiyo: toka ukiwa unapigwa usoni, rudi ukiwa unasaidiwa. Siku ya pili ilitulia, jua likatoka, na tukaondoka mapema.

Jua nalo lina kodi yake. Theluji safi hurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi inayounguza, kwa hiyo unaungua kutoka juu na kutoka chini, hata chini ya pua na kidevu, na ngozi nyeusi huungua pia. Macho yasiyo na miwani ya giza huweza kuvimba na kushindwa kufumbuka saa chache baadaye. Halafu kuna nta. Chini ya skii, sehemu ya katikati, hupakwa nta inayoshika theluji unapokanyaga na kuiachia unapoteleza, na rangi ya nta hufuata joto: ya kijani kwa baridi kali, ya bluu kwa baridi ya kawaida, ya zambarau karibu na sifuri. Asubuhi nta ya bluu ilifanya kazi vizuri, lakini jua lilipopanda nikaongeza ya zambarau nyingi mno, na tulipoingia kivulini ambako theluji ilikuwa baridi, nta laini ikashika chembe na kuzigandisha, hadi nikawa natembea na tope la masika chini ya nyayo. Ilibidi nikwangue yote na kuanza upya. Mwenye kutaka amani anunue skii zisizohitaji nta, au abebe ngozi fupi za kupandia, vitambaa vyenye manyoya vinavyofungwa chini ya skii. Huteleza pole, lakini havirudi nyuma.

Njia yenyewe, katika siku njema, ilikuwa ndefu kuliko ilivyokuwa ngumu. Baada ya kupanda, uwanda hujikunja katika mabonde mapana na maziwa yaliyofunikwa, na kila ukifika juu ya tuta unaamini kwamba Krækkja itaonekana, kisha unaona tuta jingine. Tulipumzika kila baada ya saa moja hivi, muda mfupi, koti nene likiwa la kwanza kutoka begini na la mwisho kurudi. Maji yenye moto yalikuwa kwenye chupa za chai, kwa kuwa mirija ya kunywea huganda. Simu ilikaa ndani ya nguo, karibu na mwili, kwa sababu baridi huimaliza betri iliyojaa ndani ya muda mfupi. Ramani ya karatasi na dira zilikaa shingoni mwa Mzee. Nilikuwa nimebeba kashata za karanga, ambazo katika baridi ile zilikuwa ngumu hata ikabidi kila kipande kikae kinywani kwanza, lakini nguvu yake haikuwa na mfano, na Mzee aliacha chokoleti yake. Wanawake wenzangu wataniwia radhi nikisema pia kwamba haja ndogo hupangwa: hufanywa nyuma ya tuta, wakati wa mapumziko, kabla ya kupoa, na suruali yenye zipu ndefu ya pembeni ina thamani kuliko yenye jina kubwa.

Krækkja, mita 1,161 juu ya bahari, ilionekana mbali sana kabla ya kufikika. Ukifika, kabla hata ya kuketi, nenda kwenye chumba cha kukaushia. Toa kitambaa cha ndani cha viatu, tundika soksi na kinga, kwa kuwa baada ya saa moja nafasi zote zitakuwa zimejaa na kesho utavaa unyevu. Meza za chakula ni za pamoja. Babu mmoja tusiyemjua aliyekaa mbele yetu, aliposikia rafiki yangu anatoka Kenya, alianza kumsimulia habari za Philip Boit katika mashindano ya Olimpiki ya Nagano ya mwaka 1998, alivyomaliza wa mwisho katika kilomita 10 na jinsi Bjørn Dæhlie, aliyekwisha kushinda, alivyomsubiri mwishoni na kumkumbatia. Rafiki yangu aliisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Huisikia karibu kila mwaka, na aliniambia baadaye kwamba Boit angalau hakuwa amebeba begi.

Kesho yake tuliteremka hadi Haugastøl, mita 988, ambako kuna kituo cha treni. Sehemu hiyo ni fupi kuliko ya kwanza na hushuka zaidi ya inavyopanda, lakini asubuhi theluji iliyoyeyuka jana huwa imeganda, na hapo kingo za chuma ndizo zilizotuokoa. Hapa pia kuna jambo la kuzingatia kuhusu maziwa: mengi katika eneo hili hutumiwa kuzalisha umeme, maji hupanda na kushuka chini ya barafu, na barafu huwa dhaifu karibu na mabwawa na mahali mito inapoingia na kutoka. Vijiti huzunguka sehemu hizo. Usikatize ziwa kwa sababu tu ng'ambo unaiona.

Kwa mwenye kutaka kuifuata njia hii, andika jina lako na unakoelekea katika kitabu cha wageni cha kila kibanda, kwani waokoaji hukitazama wanapomtafuta mtu, na umwambie mtu aliyeko mjini saa unayotarajia kufika. Polisi, kwa namba 112, ndio wanaoongoza utafutaji mlimani, na aliyeokolewa hatozwi kitu, kwa hiyo asichelewe kupiga simu kwa kuogopa gharama. Kila mtu abebe sepetu yake ya kuchimbia theluji. Vijiti kwa kawaida husimikwa kabla ya msimu wa Pasaka na huaminika hadi mwishoni mwa Aprili. Nje ya kipindi hicho, theluji ikiwa bado ipo, vijiti vya kufuata havipo, vibanda vyenye wahudumu huweza kuwa vimefungwa, na Finse hadi Krækkja ni safari ya watu wanaojua kusoma dira katika weupe mtupu.